Jinsi ya kumalizia barua na "I look forward to hearing from you" bila kuikosea

Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga, huu mwaka wa tisa, natoa kopi, naprinti, nalamineti vyeti, ila kazi inayonikalisha mpaka usiku ni kuchapa barua za maombi ya kazi. Zamani nyingi zilikuwa za Kiswahili. Tangu liingie lile bomba la mafuta ghafi, la kilomita 1,443 kutoka Hoima kule Uganda mpaka hapa kwetu Chongoleani, mambo yamegeuka, makampuni mengi ni ya nje, matangazo yanatoka kwa Kiingereza, na vijana wetu wa Makorora na Mabawa, mafundi wazuri wa kuchomelea na madereva wa malori, inabidi waandike Kiingereza ambacho mara ya mwisho walikigusa kidato cha nne. Na karibu kila barua inayopita mikononi mwangu inaishia na sentensi hii:

"I am looking forward to hear from you."

Hiyo sentensi ina kosa. Herufi tatu tu zimekosekana, lakini zimekosekana mahali pabaya, mwisho kabisa wa barua, pale ambapo msomaji anamalizia ndo aamue akuweke fungu gani. Inayotakiwa ni hii:

"I am looking forward to hearing from you."

Naandika haya kwa sababu nimechoka kulisahihisha kimyakimya. Mtu analipia kuchapiwa, narekebisha, anaondoka, kesho anaandika nyingine mwenyewe kwenye simu na kosa linarudi vilevile, manake hakuna aliyekaa naye akamweleza sababu. Kwa hiyo nataka nieleze sababu, taratibu, kwa Kiswahili chetu, ili ukishaelewa usinihitaji tena mimi wala mtu mwingine yeyote kwenye sentensi hii.

Wiki iliyopita alikuja binti kutoka Muheza, anaomba kazi ya kutunza stoo. Barua kaiandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, mwandiko mzuri, kila kitu kiko mahali pake, anwani, tarehe, kichwa cha barua kimepigiwa mstari kwa rula. Nilipofika mwisho nikaongeza "ing", akaniona. Akasema, "Samahani dada, hapo umekosea, baada ya 'to' verb haiongezwi kitu." Alisema kwa adabu na kwa uhakika, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo tulivyofundishwa wote, to go, to eat, to hear, hakuna "to going". Kwa hiyo anayeandika "to hear" si mtu wa kuchekwa hata kidogo, ni mtu anayefuata kanuni aliyopewa shuleni, tatizo ni kwamba alipewa nusu.

Nusu ya pili ni hii. Kiingereza kina "to" mbili. Zinaandikwa sawa, zinatamkwa sawa, lakini si ndugu.

"To" ya kwanza ndo ile KU yetu. Kula, kwenda, kusikia, to eat, to go, to hear. Hii inakaa mbele ya kitenzi na kitenzi kinabaki kitupu bila kuongezwa kitu, hapo binti wa Muheza yuko sahihi kabisa. "To" ya pili ni ya kuelekea. "I am going to Pangani." "Give this letter to the teacher." Hii haina habari na kitenzi, yenyewe inataka jina, la mahali au la mtu au la kitu. Huwezi kusema naenda mpaka kula, unasema naenda mpaka sokoni.

Sasa "look forward to" imebeba hiyo ya pili. Ukiivunja vipande ni kutazama mbele kuelekea kitu, kama mtu aliyekaa pale Raskazone jioni anatazama baharini anangoja jahazi, macho yako mbele na kuna kitu kinakuja. Hicho kitu ni lazima kiwe jina. "I look forward to your reply." "I look forward to Friday." "I look forward to the interview." Yote hayo ni majina na hamna anayekosea hapo. Matatizo yanaanza tunapotaka kuweka kitenzi, kwa sababu kitenzi hakiwezi kukaa kwenye kiti cha jina mpaka kigeuzwe kuwa jina kwanza, na kinachokigeuza kwa Kiingereza ni hiyo "ing". Hear ni kitenzi, hearing ni jina la kitendo.

Haya sikuyazua mwenyewe. Miaka ya mwanzo hapa dukani na mie nilikuwa naandika "to hear". Aliyenionyesha ni mwalimu mmoja mstaafu, alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu," akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye skrini yangu. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ya mwisho kwa Kiswahili utasemaje?" Nikamwambia, natarajia kusikia kutoka kwako. Akasema, "Hapana, sema nina hamu ya." Haya, nina hamu ya kusikia kutoka kwako. "Sasa toa KUSIKIA, weka kitu kingine." Nikaweka. Nina hamu ya majibu yako. Nina hamu ya Idd. Nina hamu ya wali wa nazi. Akasema, "Umeona, hiyo YA inataka jina. Na KUSIKIA ikishakaa pale imeshakuwa jina, siyo kitenzi tena. Basi 'to' ndo YA yako hiyo, na 'hearing' ndo KUSIKIA ikiwa jina." Akaweka mia ya kopi juu ya kioo cha kaunta, akaenda zake, na mi nikabaki naitazama ile sentensi kama naiona mara ya kwanza.

Kwa nini sisi tunakosea sana hapa, jibu liko ndani ya lugha yetu wenyewe. KU yetu ina mizigo miwili. Tunasema nataka kuogelea, hapo ni kitenzi. Tunasema kuogelea kunachosha, hapo ni jina kabisa, mpaka lina ngeli yake, KU-, na linavutana na kivumishi na kila kitu, kuimba kwake kuzuri, kusoma kwenu kumenifurahisha. Neno ni lilelile halibadiliki sura. Kiingereza kimegawanya mzigo huo mara mbili, upande mmoja "to swim" upande mwingine "swimming". Sasa kichwa cha Mswahili kikisikia KUSIKIA kinakimbilia moja kwa moja "to hear", hakina sababu ya kujiuliza hii KU ni ipi. Ukishajua hilo utaanza kujiuliza, na kujiuliza kwenyewe ndo kazi karibu yote.

Kuna jaribio moja dogo nampa kila mteja, halihitaji kamusi. Chukua neno "it" uliweke baada ya "to". "I look forward to it." Inasimama, inaeleweka, nina hamu nayo. Basi hiyo ni "to" inayotaka jina, kitenzi kikija kivae "ing". Sasa jaribu "I want to it." Haisimami. "I hope to it." Haisimami. Basi hizo ni "to" za kitenzi, acha kitenzi kitupu, "I want to hear from you", "I hope to hear from you", zote sahihi. Ndo maana naona watu wanachanganya, kwa sababu "I hope to hear from you" ni Kiingereza safi na maana yake inakaribiana, sasa mtu anachukua mkia wa sentensi hii anaushona kwenye kichwa cha ile. Ukiona unaogopa, andika tu "I hope to hear from you", hamna atakayekudai.

Na usitegemee kompyuta ikuokoe. Ile mistari myekundu inatafuta neno lililoandikwa vibaya, na "hear" limeandikwa vizuri, kwa hiyo linapita. Ukitaka kuhakikisha fungua kamusi yoyote nzuri ya wanaojifunza Kiingereza, tafuta "look", ushuke mpaka "look forward to", utakuta wameandika "something" na "doing something". Hiyo "doing" ndo "ing" yetu.

Haya, twende kwenye sura zake, manake ziko tatu na kila moja ina mahali pake. "I look forward to hearing from you" ndo ya rasmi, ya barua ya kazi, ya ofisi, ya benki, ya ubalozi. "I'm looking forward to hearing from you" ina joto zaidi, ni ya mtu mnayefahamiana au mteja mliyekwisha kuzoeana. Na "Looking forward to hearing from you" bila "I" ni ya barua pepe fupi au WhatsApp, inakubalika ila siyo sentensi kamili, kwenye barua ya maombi ya kazi mi siiweki. Kuna wengine wanaiandika halafu wanaunganisha na sahihi, "Looking forward to hearing from you, yours faithfully". Hapana. Maliza sentensi, weka nukta, shuka mstari, ndo uandike "Yours faithfully".

Kosa lingine hapo, hili naliona kila siku ya Mungu, ni "Am looking forward". Sisi tunaandika tunavyosikia, na mtu akisema "I'm" haraka masikio yanapata "am", basi tunaandika "Am". Lakini hapo mwenye sentensi hayupo, ni kama kusema "-tangoja" bila NI mbele. Andika "I am" au "I'm", basi. Hilo linahusu barua nzima, "Am a driver", "Am writing to apply", zote hizo zinadai "I" yao.

Halafu herufi za "forward". Nakutana na "foward", nakutana na "farward", na mara mojamoja "foreword", ambayo ni neno halali lakini maana yake ni dibaji ya kitabu. Kuna R mbili kwenye "forward", moja kabla ya W, nyingine kabla ya D. Na wengine wanaandika "looking forward for your response", hiyo "for" wameichukua kwenye "waiting for". Look forward inakwenda na "to" peke yake.

Kwenye "hearing from you" chunga ile "from". "Hearing you" ni kuisikia sauti yako, "hearing about you" ni kusikia habari zako kwa watu, "hearing from you" ndo kupata jibu kutoka kwako. Kijana mmoja aliandika kwa meneja "I look forward to hearing about you", yaani anangoja kusikia watu wanamsemaje huyo meneja. Neno dogo hivyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hata hiyo "ing", kwa sababu kosa la "ing" linakuonyesha hujui sarufi, basi, lakini hili linaweza kumuumiza mtu.

Neno letu kutarajia ni pana. Unatarajia mshahara, unatarajia mvua, unatarajia mgeni, na unatarajia mazishi vilevile, "tunatarajia mazishi kufanyika Jumamosi" ni Kiswahili cha kawaida cha tangazo la msiba. "Look forward to" siyo hivyo. Ndani yake mna furaha, mna hamu, ni kungoja kitu unachokitaka. Miaka kadhaa nyuma alikuja baba mmoja wa Korogwe, mwanawe anafanya kazi nje, wamefiwa na bibi, akataka barua ya Kiingereza kwa tajiri wa mwanawe ili apewe ruhusa. Akawa anasema mi nachapa. Alipofika "tunatarajia kumzika Jumamosi" vidole vikaenda vyenyewe, "We are looking forward to burying her on Saturday". Kanuni ya "ing" nilikuwa nishaijua, angalia, "burying", sarufi haina doa. Barua ikatumwa. Siku ya pili yule mtoto akanipigia simu, sauti imekauka, akaniuliza, "Dada, umewaandikia kwamba tunafurahia kumzika bibi?" Nilimwomba radhi yeye, nikampigia baba nikamwomba radhi, nikaandika barua nyingine bila malipo. Hilo sijalisahau, na ndo sababu saivi nikisikia mtu anasema "natarajia" nasimamisha mkono kwanza namuuliza, unakitaka hicho kitu au unajua tu kwamba kitatokea?

Kama unajua tu kwamba kitatokea, Kiingereza chake ni "expect", au bora zaidi sema tu kitu chenyewe. "The burial will be on Saturday." "The operation is on Monday." "The hearing of the case is on 12 May." Kesi, upasuaji, msiba, kufukuzwa nyumba, kuachishwa kazi, kote huko "look forward to" usiilete. Na kwenye barua ya malalamiko pia iangalie, ukishaandika aya tatu umeeleza jinsi ulivyodhulumiwa, kumalizia na hamu tena kunaleta ladha isiyoeleweka. Hapo andika "I expect a reply by Friday", ambayo ni kali, na ndo unayoitaka. Lakini ukali huohuo usiupeleke kwenye maombi ya kazi. "I expect to hear from you" kwa mtu unayemwomba inasikika kama unamwamrisha.

"I am waiting for your reply" nayo sarufi yake nzuri ila ina haraka kidogo, kama mtu amesimama mlangoni hatoki. Ya heshima ni "I await your reply", na hiyo "await" haitaki "for" wala "to", imeshakula kila kitu.

Kuna hii nyingine inapendwa sana, "I look forward to your positive response". Sarufi safi, "response" ni jina. Ila kwa maoni yangu toa hiyo "positive". Umeshaomba kazi, anajua unataka jibu zuri, ukiliandika ni kama umemshika mkono unampeleka kwenye jibu. Waache wakupe wenyewe. "I look forward to your response" inatosha na ina utu.

Vijana wanaotembeza wageni, wale wa mapango ya Amboni na wa boti, nyie barua zenu ni fupi lakini "look forward" mnaitumia kuliko wote. Mgeni akishaandika kwamba anakuja, mnamjibu "Looking forward to meet you". Iwe "meeting". Na chagua vizuri kati ya meeting na seeing, kama hamjawahi kuonana ni "meeting you", kama alishakuja mwaka jana anarudi ni "seeing you again". Ukitaka kuwa na ukarimu wa Kitanga ndani ya hiyohiyo Kiingereza, andika "I look forward to welcoming you to Tanga", au "to showing you the caves". Hapo utaona "to" mbili kwenye sentensi moja, "to welcoming you to Tanga", usiogope, ya kwanza inaelekea kwenye tendo, ya pili inaelekea kwenye mji.

Ukishaielewa hii, kuna ukoo mzima unafunguka, na kwa barua za kazi ndani ya ukoo huo hatari kubwa ni "used to". Fundi wa kuchomelea anataka kusema nimezoea kufanya kazi juu kwenye vyuma. Anaandika "I am used to work at heights". Kosa, weka "it" uone, "I am used to it" inasimama, kwa hiyo inataka "ing", "I am used to working at heights". Sasa mwingine akiambiwa kuna kosa anaondoa "am", anabaki na "I used to work at heights", na hiyo ni sahihi kisarufi lakini maana yake imegeuka kabisa, maana yake zamani nilikuwa nafanya, siku hizi sifanyi. Yaani mtu anaomba kazi ya kupanda juu halafu anamwambia mwajiri nilishaacha kupanda juu. Kwa mtu ambaye riziki yake iko kwenye hiyo karatasi, hilo si jambo dogo, na namwonea uchungu kila nikiliona manake mikono yake inajua kazi kuliko barua inavyosema.

Wengine wa ukoo huo ni "committed to", andika "I am committed to working safely", na "in addition to", andika "In addition to speaking Swahili and English, I can drive a forklift". Wasio wa ukoo huo, msiwape "ing" kwa kuzidisha, ni "ready to start", "able to work", "willing to travel", "would like to apply". Wajaribu kwa "it" uone wote wanavyoanguka, "ready to it", "able to it", hamna kitu.

Na niseme hili nalo, siyo kila barua lazima iwe Kiingereza. Matangazo mengi ya kazi za serikali yanasema barua iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na mtu anaacha Kiswahili chake kizuri anakimbilia lugha inayomtoa jasho. Wazee wetu waliandika "ama baada ya salamu" wakamalizia "wasalaam", na kila mtu alielewa. Ukiandika Kiswahili malizia na "Natanguliza shukrani, nangoja majibu yako". Hiyo "natarajia kusikia kutoka kwako" yenyewe ni Kiingereza kilichovaa kanzu, kwa Kiswahili hatusikii kutoka kwa mtu, tunapata jibu lake.

Kama umeamua Kiingereza, mwisho wa barua yako uwe hivi. Mstari wa kwanza unasema unapatikana lini, "I am available for an interview at any time." Nukta. Mstari unaofuata, "I look forward to hearing from you." Nukta. Acha nafasi. Kama ulianza na "Dear Sir/Madam" andika "Yours faithfully", kama ulianza na jina la mtu, "Dear Mr" fulani, andika "Yours sincerely". Herufi kubwa ni ya neno la kwanza tu. Halafu sahihi yako kwa kalamu, halafu jina lako limechapwa. Usijaze "soon" na "as soon as possible" na "at your earliest convenience" kwa pamoja, chagua moja au usiweke yoyote.

Binti wa Muheza nilimfanyisha jaribio la "it" palepale kaunta, akaliandika nyuma ya ile karatasi yake ya daftari, "look forward to it, used to it, committed to it", akaikunja akaiweka kwenye pochi. Barua akaimalizia mwenyewe kwenye kibodi yangu, kidole kimojakimoja, hearing, akairudia kuisoma mara mbili.

Na kama we unasoma haya na barua yako ilishaenda jana na "to hear" ndani yake, usiitume upya kwa ajili ya hilo. Kutuma barua mbili zinazofanana kunachanganya faili lao na kosa lako linaonekana zaidi. Ngoja wiki moja au mbili baada ya tarehe ya mwisho ya maombi, halafu tuma ujumbe mfupi wa kuulizia, huu hapa, badilisha tu jina la kazi na tarehe:

"Dear Sir/Madam, I applied for the post of storekeeper on 3 March. I am still very interested in the position and would be glad to give any further information. I look forward to hearing from you. Yours faithfully,"

Ukiangalia humo ndani kuna "glad to give" na kuna "forward to hearing", moja tupu moja imevaa. Weka jina lako hapo chini na namba ya simu inayopatikana.